Tusi Lile ni la Nani?

Mdogo wangu alianguka na bodaboda pale Pongwe, hana kofia ngumu, akaumia kichwa. Mifupa iliunga. Ila kijana aliyekuwa akimwamkia mama kwa adabu zote sasa humtukana mbele ya wageni, kisha huomba chai.

Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, husaidia kupima neno kabla halijatoka. Mwaka 1848, huko Vermont, Marekani, mtaimbo ulipenya kichwa cha Phineas Gage, msimamizi wa kazi za reli. Aliishi. Daktari wake, John Harlow, aliandika mwaka 1868 kwamba rafiki zake walimwona si Gage tena. Lakini baadaye aliendesha magari ya farasi Chile, jambo linalonipa moyo sana.

Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba kalamu ya kuandika matendo imeinuliwa kwa mtoto, aliyelala na mwenye wazimu. Mdogo wangu si mwendawazimu: anahesabu chenji, anakumbuka rakaa zake. Jirani wanadai ndiyo tabia aliyoificha siku zote. Nakataa kabisa. Kule kujizuia ndiko kulikokuwa tabia yake, na kulihitaji ubongo mzima, kama kutembea kunavyohitaji uti wa mgongo. Aliyepooza kwa kuumia uti hatumwiti mvivu. Dini humruhusu kuswali ameketi. Kwa nini ulimi ukose ruhusa hiyo? Naamini Mungu hupima kwa uwezo uliobaki, na nimewaomba masheikh wetu walizungumze hilo mimbarini, wazi, jirani wakisikia.