Mwalimu wa Michezo: Tumshike kwa Fadhila au kwa Hesabu?

Kila mwaka mashindano ya UMISSETA yanapokwisha, huzuka katika shule zetu shauri ambalo halisemwi sana barazani, bali husemwa sana pembeni. Shule fulani ina mwalimu aliyeinua timu yake kutoka chini kabisa. Vijana wake wameshinda wilaya, wameshinda mkoa, na jina la shule limeanza kutajwa mbali. Ndipo shule nyingine, yenye mabweni mazuri zaidi na mfuko mnene zaidi, yamwita. Mwalimu huyu afanyeje? Na shule yake ifanyeje: imwongezee mshahara, imwache aende zake, ama imkumbushe fadhila ilizomtendea alipokuwa bado hajulikani?

Hapa Ruhuwiko, kando ya mji wa Songea, kama mahali pengi nchini, neno hili laonekana kuwa dogo, neno la mpira tu. Sisi twaona si dogo. Ndani yake limo swali ambalo kila jamaa hulikuta siku moja: je, yatupasa kumtendea mtu kwa kadiri ya faida anayotuletea, ama kwa kadiri ya deni la moyo tulilo nalo kwake?

Tutazame kwanza mfano ulio karibu nasi, katika nchi ya jirani. Mwaka 1976 alifika Iten, katika nyanda za juu za Kenya, bruda mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, wa shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrisi. Alikuja kufundisha jiografia katika Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Patrisi. Ujuzi wa riadha hakuwa nao. Aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi mbio wakati huo alikuwa Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake mkimbiaji mashuhuri Brendan Foster. Naye alipoondoka, kazi ikamwangukia bruda. Akajifunza kwa kuwatazama vijana wenyewe wakikimbia. Miaka ikapita, naye akabaki. Mwaka 1988, huko Seoul, kijana wa shule hiyo, Peter Rono, alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mita 1500. Mwingine, Wilson Kipketer, aliyehamia Denmark, aliivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997. Hata alipostaafu ualimu, Bruda Colm alizidi kukaa Iten na kuwafundisha vijana, wavulana kwa wasichana.

Katika vijana hao alikuwamo David Rudisha, mwana wa Daniel Rudisha, ambaye naye alipata medali ya fedha ya kupokezana vijiti huko Meksiko mwaka 1968. Mwaka 2006 kijana huyo alikuwa bingwa wa dunia wa vijana katika mita 800. Lakini mwaka 2009, katika mashindano ya dunia ya wakubwa huko Berlin, alitolewa katika nusu fainali. Hapo msomaji asimame kidogo. Kwa hesabu ya sokoni, huo ndio wakati wa kubadili mwalimu: bidhaa ni nzuri, soko limeharibika, atafutwe fundi mwingine. Rudisha hakubadili. Alirudi Iten kwa mwalimu yule yule. Mwezi wa Agosti 1910 ulikuwa zamani za babu zetu. Agosti 2010 ulikuwa wake, kwa maana aliivunja rekodi ya dunia mara mbili katika muda wa juma moja, kwanza ile ya Kipketer, kisha yake mwenyewe. Na mwaka 2012, huko London, alikimbia kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika 1 na sekunde 41. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, akatwaa dhahabu mara ya pili.

Mfano huo watufundisha neno moja la wazi: kuna matunda ambayo hayaivi ila kwa muda. Mwalimu anayemjua kijana tangu akiwa na miaka kumi na mitano hujua anavyochoka, anavyoogopa, na anavyojidanganya. Maarifa hayo hayauzwi dukani, wala mgeni hawezi kuja nayo sandukuni. Kwa hiyo uaminifu si adui wa hesabu. Mara nyingi ni hesabu ndefu zaidi, ambayo mtu mwenye haraka haioni.

Lakini tusiukimbilie mfano huu upesi mno, kwa sababu waweza kutumiwa vibaya. Bruda ana nadhiri. Hana mke, hana watoto wa kulipiwa karo, na shirika lake humtunza katika uzee. Mkuu wa shule asimchukue Bruda Colm akamfanya fimbo ya kumpigia mwalimu mwenye watoto wanne, ambaye mshahara wake huchelewa, na anayenunua mipira kwa fedha yake mwenyewe. Mwalimu wa namna hiyo akiambiwa, “Kumbuka tulivyokupokea,” haambiwi neno la uaminifu. Anaambiwa akubali kudhulumiwa na kuita dhuluma hiyo fadhila. Tangu mwaka 1891, katika barua yake Rerum Novarum, Baba Mtakatifu Leo wa 13 alifundisha kwamba mapatano ya mshahara hayatoshi kuwa haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana, ikiwa mshahara wenyewe hautoshi kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi. Yeye asiyelipa haki hana ruhusa ya kudai mapenzi. Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Tunapenda sana sehemu ya kwanza ya methali hiyo, ile ya kucheza kwao. Ile ya kutunzwa twaisahau.

Sasa tutazame upande wa hesabu tupu, nao tuutazame kwa haki. Katika mpira wetu wa miguu, Miguel Gamondi aliipa Yanga ubingwa wa nchi wa 2023/24 na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwezi wa Novemba 2024 timu ilifungwa mara mbili mfululizo, na Azam, kisha na Tabora United. Katikati ya mwezi huo huo aliachishwa kazi. Wengi walilalamika. Hata hivyo msimu ulipokwisha, Yanga ilikuwa bingwa tena. Basi mtu wa hesabu atasema: Mnaona? Mashukuru hayafungi mabao. Nasi hatuwezi kumjibu kwamba amesema uongo.

Lakini hadithi ina sehemu nyingine. Aliyeshika nafasi ya Gamondi, Sead Ramović, hakukaa hata miezi mitatu. Mwezi wa Februari 2025 aliondoka kwenda klabu ya Algeria. Simba nao walionja uchungu huo Januari 2021: mara tu walipoingia hatua ya makundi ya Afrika, mwalimu wao Sven Vandenbroeck aliwaaga. Nani atamlaumu? Mwaka 2019 Simba hao hao walikuwa wamemwachisha Patrick Aussems, miezi michache tu baada ya kuwapa ubingwa. Mahali ambapo mwajiri amezoea kutongoja, mwajiriwa naye hujifunza kutongoja. Kila mmoja hukaa mguu mmoja nje ya mlango, na hakuna mwenye haki ya kumwita mwenzake msaliti.

Wala tusidhani kwamba fedha nyingi huponya ugonjwa huo. Huko Marekani, ambako vyuo vikuu huwalipa walimu wa michezo kuliko maprofesa wake, Chuo Kikuu cha Texas A&M kiliogopa kumpoteza mwalimu wake wa kandanda ya Kimarekani, Jimbo Fisher, kikamrefushia mkataba mnono mwaka 2021. Mwaka 2023 kilimfukuza, na kwa sababu ya mkataba huo kikajikuta na deni la kumlipa dola zaidi ya milioni 75 ili asifanye kazi. Kulikuwa na woga katika kumshika na hasira katika kumwacha. Uaminifu haukuonekana mwanzo wala mwisho. Kumfunga mtu kwa kamba ya fedha si kumpenda.

Labda mtu atauliza: Basi mwataka nini? Mwakataa hesabu, na uaminifu pia mwautia mashaka. Twajibu kwamba kosa limo katika kuuliza ni nani mwenye deni kwa nani, shule ama mwalimu, kana kwamba wapo wawili tu. Yuko wa tatu, naye ndiye wa kwanza: ni mwanafunzi. Klabu kubwa ina wachezaji watu wazima. Wamesaini mikataba yao, na wakikosana na klabu wana njia za kujitetea. Mtoto wa kidato cha pili hakusaini lolote. Yeye aliamini tu. Aliambiwa aamke alfajiri akimbie katika umande, akaamka. Shule na mwalimu wote wawili ni wadeni wake. Uaminifu wao wa mmoja kwa mwingine hupata thamani yake katika deni hilo, na nje yake hugeuka kuwa urafiki wa wakubwa tu.

Tukishika kipimo hiki, mambo mengi yananyoka. Kwanza, twaweza kumhukumu vema mwalimu anayeshinda lakini anaharibu. Wako walimu wanaoleta vikombe huku wakiwapiga vijana, wakiwatoa darasani hata wasiweze mtihani, ama wakighushi umri wao. Hapo hesabu ya sokoni husema: Abaki, anashinda. Na uaminifu wa kivivu nao husema: Abaki, ni mwenzetu. Vyote viwili vyashikana mikono juu ya mgongo wa mtoto. Mwalimu wa namna hiyo aondolewe, hata kama kabati la shule limejaa vikombe vyake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na tembo lenye maji wanaolinywa ni watoto wetu.

Pili, twaweza kumhukumu vema mwalimu mwema aliyepatwa na mwaka mbaya. Kufungwa mara mbili si dhambi. Ikiwa vijana wanakua katika adabu, katika afya na katika masomo, shule yamwia subira. Kama Rudisha mwenyewe, aliyeshindwa Berlin, alijua kumngoja mwalimu wake, haifai bodi ya shule iliyoketi kivulini ishindwe kungoja.

Tatu, twaweza kusema neno la haki juu ya mwalimu anayetaka kuondoka. Kuondoka peke yake si usaliti. Baba wa jamaa aliyepata mahali pa kuwalisha wanawe vizuri zaidi hana haja ya kuomba radhi. Lakini kuna namna ya kuondoka. Aseme mapema, asitoweke usiku. Amalize msimu alioanza na vijana wale. Na zaidi ya yote aache mtu nyuma yake aliyeanza kuijua kazi. Peter Foster aliondoka Iten, na kazi haikufa, kwa sababu alikuwapo mtu kando yake aliyekuwa akitazama. Mchungaji wa mshahara hatambulikani kwa kupokea mshahara, kwa maana kila mtenda kazi astahili wake. Hutambulikana kwa kuwaacha kondoo peke yao mbwa mwitu anapokuja.

Nne, shule nayo ina kazi yake, ifanywe kabla barua ya kumwita mwalimu haijafika. Impe mapatano yaliyoandikwa. Imlipe posho ya saa anazokaa uwanjani jioni na siku za mapumziko, kwa kuwa hizo nazo ni kazi. Imwite kila mwaka na kumwuliza ana shida gani. Kumwongezea mtu fedha siku anapotaka kuondoka ni kukiri kwamba muda wote ulijua anastahili zaidi, ukanyamaza.

Wazazi nao wasijitoe. Ni sisi tunaopiga kelele pembeni mwa uwanja tukidai mwalimu afukuzwe. Na ni sisi tunaohamisha watoto kufuata vikombe. Wakaaji wa Songea wanajua vizuri utamu na uchungu wa michezo. Timu yao ya Majimaji ilipata kuwa bingwa wa nchi katika miaka ya 1980, ikashuka Ligi Kuu mwaka 2018. Uwanja upo pale pale, na watoto wa mji bado wanacheza mpira. Watoto hao watafundishwa na nani, ikiwa kila mwalimu mwema ni wa kununuliwa na shule yenye nguvu, na kila mwalimu anayebaki ni yule asiyetakwa na mtu?

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa shule, walimu na wazazi, kabla muhula mpya haujaanza, waketi pamoja na kuulizana maneno haya bila aibu: Je, tunamlipa haki? Je, anawalea watoto wetu vema? Akiondoka kesho, nani atasimama nao uwanjani saa kumi jioni? Kama majibu ni mabaya, yatengenezwe sasa, wakati mwalimu bado yupo na watoto bado wanamngoja.