Hatia Hairithiwi

Katika nchi itokayo Ruti, pembezoni mwa Mbarara, Uganda, hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, swali la kuwa uovu hurithiwa au haurithiwi limo vinywani mwa watu. Kwani ardhi ile iliyowapokea Watutsi wa Rwanda baada ya machafuko ya 1959, wengi wao waliporejea kwao baada ya mauaji ya Watutsi ya 1994, ikawapokea Wahutu, na wepesi wa kuhukumu huwashuku kwa mauaji hayo hata watoto wa Wahutu hao waliozaliwa ukimbizini.

Mwaka 1876 tabibu wa Kitaliano, Cesare Lombroso, alidai kwamba yuko mhalifu wa kuzaliwa, mwenye alama zake fuvuni na usoni, dai ambalo elimu imekwisha kulibatilisha. Hata hivyo maumbile yana sehemu yake: mwaka 1993 Han Brunner na wenzake walieleza habari za ukoo mmoja wa Uholanzi, ambamo kasoro ya jeni moja, iliyo nadra mno, iliandamana na ghadhabu na ujeuri wa baadhi ya wanaume. Lakini aliyerithi wepesi wa hasira hajarithi jinai, maana jinai hukamilika kwa tendo, na tendo lina mwenyewe.

Dini zilikwisha kulinena hili zamani. Kabili na Habili walitoka tumbo moja, mmoja akawa muuaji. Ibrahimu alitoka katika nyumba ya waabudu masanamu. Na mwana wa Nuhu, alipoikataa safina, alighariki, nasaba ya unabii isimfae kitu. Kurani katika sura kadhaa, na nabii Ezekieli katika mlango wa 18, hufundisha kwamba kila nafsi huulizwa amali zake yenyewe.

Na hoja iliyo nzito kuliko zote imo katika msiba wa Rwanda wenyewe. Wachochezi wa mauaji ya 1994 waliwaita Watutsi nyoka na mende, na watoto wachanga wakachinjwa kwa hoja kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Basi amwitaye kijana wa Nakivale muuaji kwa ajili ya baba yake, ajapodhani kuwa anawatetea waliouawa, ameishika itikadi ile ile iliyowaua. Wenye hatia na wahukumiwe mbele ya hakimu, kila mtu kwa jina lake na tendo lake, pasipo kufichwa. Na watoto wao wapewe elimu, kazi na heshima, kwa kuwa hayo ni haki yao, kama yalivyo haki ya mayatima wa waliouawa.