Hana Nguvu

Wajukuu wangu wawili walikuwa wakibishana barazani jioni moja, na ubishi wao ulihusu pikipiki ambazo wote wawili hawajapata kuzigusa. Mkubwa alikuwa upande wa kruza, ile pikipiki kubwa ya Kimarekani ya safari ndefu, ambayo mpandaji wake huketi wima na kunyoosha miguu mbele kama mzee aliyemaliza kula. Mdogo alikuwa upande wa spoti ya Kijapani, ambayo mpandaji wake hulala juu ya tangi na kidevu chake karibu kigonge kioo. Kila mmoja alikuwa na tarakimu yake, na kwa kituko tarakimu ilikuwa ile ile: 150. Mmoja alisema Harley-Davidson yenye injini iitwayo Milwaukee-Eight, iliyotolewa mwaka 2016, ina 150. Mwingine akasema Yamaha R1 ya kwanza, ya 1998, nayo ina 150, tena kwa injini ndogo zaidi. "Babu, amua wewe. Ipi ina nguvu?"

Niliwaomba muda. Mwalimu mstaafu ana muda, na swali lenyewe lilinichoma mahali ambapo wao hawakupajua.

Nilipozichunguza zile 150 mbili niligundua kuwa si kitu kimoja. Ya Harley ni nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kusokota: jinsi injini inavyolishika gurudumu na kulilazimisha lizunguke. Ya Yamaha ni nguvu za farasi, kipimo cha kazi iliyofanyika katika muda: msokoto ukizidishwa kwa wingi wa mizunguko. Kiswahili chetu kinayaita yote mawili nguvu, na hapo ndipo ubishi mwingi unapozaliwa. Wenye viwanda, kwa upande wao, wanajua tofauti vizuri. Kwa miaka mingi Harley walipenda kutangaza msokoto na kunyamazia farasi, na wenye spoti walitangaza farasi kwanza. Kila mgema husifia tembo lake.

Tuzitazame injini zenyewe. Ile ya kruza ina silinda mbili tu, zilizopanuka kama herufi V kwa nyuzi 45, ujazo wake sentimita 1,746. Pistoni yake ni pana, milimita 100, na husafiri mbali, milimita 111 kwenda na 111 kurudi. Pistoni zote mbili zimeshikwa kwenye pini moja ya krenki, kwa hiyo milipuko haipokezani sawasawa. Huja nyuzi 315, kisha 405, na ndiyo sababu pikipiki hizo hunguruma kama moyo wenye kigugumizi. (Kampuni hiyo iliomba mwaka 1994 sauti hiyo isajiliwe kama alama yake ya biashara, ikaja kuacha mwaka 2000. Binadamu hatosheki, hata mlio wa bomba la moshi anautaka uwe wake peke yake.) Injini ya R1 ile ilikuwa na silinda nne zilizosimama safu moja, jumla sentimita 998. Kila pistoni ilikuwa na upana wa milimita 74 na mwendo wa milimita 58 tu. Mwendo mfupi huiruhusu injini kuzunguka upesi bila kujirarua, na upana huacha nafasi ya valvu za kutosha, nayo hupumua vizuri hata inapokwenda mbio.

Matokeo yake ni haya. Kruza hufikia msokoto wake wote kwenye mizunguko 3,250 hivi kwa dakika, pale ambapo dereva anatoka tu kwenye taa za barabarani. R1 ilifikia msokoto wake mkubwa, kama nyutoni mita 108, kwenye mizunguko 8,500, na zile farasi 150 zilipatikana kwenye 10,000. Chini ya hapo zilikuwapo kidogo kidogo. Aliyeinunua kwa sababu ya 150 alinunua namba ambayo katika safari nyingi za kila siku hakuigusa hata mara moja.

Sasa, wapo watakaorukia hapa na kuniambia kuwa haraka haraka haina baraka, kwamba kruza ndiyo yenye busara. Sikubaliani nao. Wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Tena hesabu haiwaungi mkono: ukigawanya msokoto kwa ujazo, ile spoti ilisokota zaidi kwa kila lita, na ilibeba kilo 177 tu kabla ya kutiwa mafuta, ilhali kruza kubwa za safari zenye injini ile huzidi kilo 350. Mjukuu wangu mdogo hakuwa mjinga. Kama kazi ni kuzunguka uwanja wa mashindano, ubishi umekwisha.

Lakini ipo hesabu moja iliyonifanya niweke kalamu chini. Chukua kruza kwenye mizunguko 5,000. Pistoni yake katika kila mzunguko hupanda na kushuka milimita 222. Kwa dakika moja imesafiri mita 1,110. Chukua R1 kwenye 10,000. Pistoni yake husafiri milimita 116 kila mzunguko. Kwa dakika, mita 1,160. Karibu sawa kabisa! Ile tunayoiona nzito na ile tunayoiona kali, ndani ya silinda zinakimbia mwendo mmoja. Moja ina hatua ndefu, nyingine ina hatua nyingi. Anayesimama nje akihesabu mizunguko peke yake ataapa kuwa ya kwanza ni mvivu.

Mimi nilisimama nje nikahesabu mizunguko.

Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika milima ya Usambara. Nilikuwa na pikipiki ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya mafuta na oili, na kila nilipopanda kutoka Mombo kuelekea Soni na gunia nyuma nilijifunza tabia yake: ikiwa mizunguko juu inapanda kama mbuzi, ikishuka kidogo tu inakata pumzi, na mimi nashuka kusukuma. Ningetegemewa, basi, kujua kwamba nguvu ya kitu hutegemea unaitazama wakati gani. Sikujua.

Nafasi za sekondari wakati huo zilikuwa chache mno. Kabla ya mtihani wa darasa la saba tulichagua watoto wa kufundishwa usiku kwa taa ya karabai. Mafuta ya taa yalikuwa ya kutafutwa, darasa lilikuwa dogo, na nilijiwekea wanafunzi kumi na wawili. Namna ya kuwapata ilikuwa jaribio la hesabu la saa moja. Kulikuwa na kijana mmoja ambaye hakuwahi kulimaliza jaribio lolote. Yale aliyoyajibu aliyapata. Ukipitia karatasi yake ulikuta maswali ishirini ya mwanzo yamesimama imara, kila hatua imeandikwa, kisha weupe mtupu hadi mwisho. Mwalimu wake alinisihi nimchukue awe wa kumi na tatu. Nikamjibu, na kijana amesimama mlangoni ameshika ndoo ya maji: "Huyu hana nguvu."

Nimejitetea mara nyingi moyoni. Mtihani wa taifa nao ulikuwa na saa yake, na haukumngoja mtu. Karabai ilikuwa moja. Kumchagua anayeweza kwenda mbio pale panapotakiwa mbio si dhuluma, na hata leo, nikirudishwa kwenye ofisi ile na mafuta yale, sina hakika kama orodha yangu ingebadilika sana. Ningeweza kusema, "Jaribio hili hakulimaliza." Hiyo ingekuwa kweli, na ingekuwa namba iliyotajwa pamoja na mahali ilipopimwa, kama wanavyofanya hata wauza pikipiki, ambao wakikuambia farasi 150 huongeza kwa herufi ndogo: kwenye mizunguko 10,000. Mimi niliifuta ile herufi ndogo. Kipimo cha saa moja nikakifanya jina la mtu.

Mwaka 2019 nilikuwa stendi ya Mombo nikingoja basi. Mtu mzima mwenye mvi alinijia, akapokea mfuko wangu kabla sijamtambua. "Shikamoo mwalimu." Alikuwa yeye. Alinieleza habari za mashamba yake, na mkewe, na barabara ilivyoharibiwa na mvua. Kisha akaniomba ushauri kuhusu bintiye aliyekuwa kidato cha pili. Walimu wanasema arudie darasa, naye haoni kama kuna faida. "Unajua mwalimu," akasema bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja ukoo wake, "yule mtoto hana nguvu. Amenirithi mimi."

Nikamwambia asikate tamaa, au neno jingine jepesi kama hilo. Basi likaja. Alinipandishia mfuko, akaniandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha gazeti.

Wajukuu nimekwisha kuwajibu. Niliwachorea pistoni mbili kwa chaki sakafuni, nikawafanyisha ile hesabu ya mita kwa dakika, wakaipata, wakaendelea kubishana kama kawaida, safari hii kuhusu ipi ingepanda Soni vizuri ikiwa na gunia. Ile namba ya simu nayo, baada ya kukaa nayo muda mrefu kuliko inavyostahili, niliipiga. Nilimkumbusha siku ile ya ndoo na neno nililolisema, nikamwambia kuwa nilikosea. Alicheka. Akasema hakumbuki kitu kama hicho, kwamba mambo ni mengi na miaka imekwenda. Akaniuliza hali ya mama na kama magoti yangu bado yananisumbua. Nilipomuuliza binti aliishia wapi, akanyamaza kidogo, kisha akasema ngoja nimwite, yupo hapa jikoni, uzungumze naye mwenyewe.