Je, Mbunge Aitii Hasira ya Watu Wake?

Tangu nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu, sikosi mikutano ya mbunge wetu. Wazee wenzangu hunicheka. Lakini mtu aliyefundisha uraia kwa miaka mingi hana budi kwenda kuona kama yale aliyoyaandika ubaoni yapo kweli.

Katika mkutano mmoja hapa Tunduma, hoja kubwa ilikuwa usalama. Mji wetu ni wa mpakani. Ng'ambo tu ni Nakonde, Zambia. Barabara kuu na reli ya TAZARA hupita hapa, malori hupanga foleni, wageni huingia na kutoka usiku na mchana. Penye biashara, vibaka hawakosekani. Mama mmoja muuza mchele, ambaye kibanda chake kilivunjwa mara mbili, alisimama akasema: "Mheshimiwa, ukienda Dodoma katuletee sheria, mwizi akikamatwa tummalize wenyewe. Tunampeleka polisi asubuhi, jioni tunakutana naye sokoni."

Watu walishangilia. Mbunge alingoja kelele zitulie, akajibu: "Mama, askari nitawadai, taa za barabarani nitazidai, na ulinzi wa mtaa tutaupanga pamoja. Lakini hilo la kuua sitalipeleka." Akazomewa.

Je, alikosea? Wapo wasemao kwamba mbunge ni mjumbe tu, na kazi ya mjumbe ni kufikisha alichotumwa. Swali hili si geni. Mwaka 1774 Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wa Bristol, Uingereza, kwamba mbunge anawiwa nao si bidii yake tu bali pia busara yake. Mwaka 1780 hawakumrudisha. Busara ina gharama.

Hapa kwetu tunao mfano wa karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wa Usukuma na Unyamwezi, waliochoshwa na wizi wa ng'ombe, walianzisha Sungusungu. Wezi waliwaogopa. Lakini wapo waliotesa watu na hata kuua, wakiwamo vikongwe waliosingiziwa uchawi. Kwa sheria ya mwaka 1989, Bunge liliwapa walinzi hao mamlaka ya kukamata. Mamlaka ya kuhukumu halikuwapa. Kilio cha wananchi kilisikilizwa, hasira yao ikachujwa. Hiyo ndiyo kazi ya mbunge.

Ndugu msomaji, nisingekuwa na uhakika huu kama si jambo moja ambalo sijapata kuliandika. Katika miaka ya 1990, kwenye mji mmoja ulio kando ya barabara hii, nilikuta umati umemzunguka kijana. Aliponiona alipiga kelele: "Mwalimu!" Sikumfahamu, labda aliona miwani yangu na mkoba wa vitabu. Nilikuwa na sauti ya kunyamazisha ukumbi wa wanachuo mia nne. Nilinyamaza, nikapita. Siku ya tatu ilijulikana kwamba mwizi alikuwa mwingine. Kijana alikwisha kuzikwa.

Muhula ule ule nilikuwa nikifundisha ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Wanachuo walioikumbuka niliwapa alama zote. Mimi, siku ilipohitajika, sikuikumbuka.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ukitaka ukate upande mmoja tu, si msumeno tena, ni panga. Na panga halimwulizi mtu jina.

Hata hivyo mama yule hakusema uongo. Mwizi akirudi mtaani kwa kuwa shahidi hakufika mahakamani, au kwa kuwa faili lilikaa, mwenye kibanda ndiye anayelipa. Kwa hiyo mbunge anayekataa hasira ya watu anajitwisha deni: arudi na taa, arudi na askari, arudi na majibu. Asiporudi, kukataa kwake kutakuwa hotuba tu.

Baada ya mkutano nilikwenda kununua mchele. "Na wewe Mwalimu unawatetea wezi?" mama aliniuliza. Nilimsimulia habari ya kijana yule. Alinyamaza, akapima kilo zangu mbili, kisha akauliza kama mama yake yu hai.

Sikuwa na jibu. Sikuwahi kwenda kumtafuta.