Anayeosha na Anayeoshwa



Katika mikusanyiko yetu hapa Uingereza, mtu akiulizwa kazi afanyayo, wako wanaojibu haraka na wako wanaojibu kwa kuzunguka. Dereva husema yeye ni dereva. Mhasibu husema hata kabla hajaulizwa. Lakini anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee aghalabu husema, "Niko upande wa afya," kisha hugeuza mazungumzo. Sababu twaijua sote ijapokuwa hatuisemi mbele yake: kazi ile ni kuosha watu. Na nyumbani wako wanaopokea fedha za kazi hiyo kila mwezi, lakini wakiambiwa zimechumwaje hukunja uso.

Swali langu ni hili: je, kumwosha mtu mzima kwa malipo kunamshusha hadhi anayeosha? Na yule anayeoshwa, naye je? Sitaki kulijibu kwa kuhubiri. Nataka nilipeleke mahali ambapo kuosha watu kumekuwa kazi yenye ufundi wake kwa mamia ya miaka, yaani katika hamamu za Uturuki. Nilisoma uhandisi Istanbul miaka ya 1990, na hamamu nilizijua kwanza kama mwanafunzi ambaye chumba chake hakikuwa na maji ya moto ya kutegemewa.

Kwa mhandisi, hamamu ni mtambo wa kupendeza. Nyuma ya ukuta kuna tanuri. Moshi na hewa ya moto haviachwi vitoke hivi hivi, bali hupitishwa kwanza chini ya sakafu ya marumaru, katika uwazi ulioinuliwa kwa nguzo fupi, ndipo vikapanda kwa mabomba yaliyomo ndani ya kuta. Uwazi ule Waturuki wameupa jina litokanalo na jahanamu, na aliyewahi kulala juu ya lile jiwe kubwa la katikati hatasema wametia chumvi. Mwogaji hutoka chumba cha baridi, akapita cha vuguvugu, ndipo akaingia cha moto, ili mwili uzoee. Juu kuna kuba lenye matundu ya vioo yanayoleta mwanga bila kumpa mtu wa nje nafasi ya kuchungulia. Hamamu ya Çemberlitaş, iliyojengwa mwaka 1584 kwa ajili ya Nurbanu Sultan, mama yake Sultani Murad III, ingali inafanya kazi hadi leo.

Lakini mtambo wote huo usingefaa kitu bila kipande kimoja cha nguo. Ukishavua, unafungwa kiunoni peshtemali. Neno ni la Kiajemi, lenye maana ya kusugua mgongo. Mtu wa pwani akiiona atadhani ni kikoi, na hatakuwa amekosea sana: pamba tupu, mistari au miraba, na matamvua yaliyofungwa kwa mkono kwenye ncha mbili. Miji kama Buldan, katika mkoa wa Denizli, imejulikana kwa ufumaji wa namna hiyo tangu zamani. Siku hizi nyingi zinazouzwa kwa watalii kwa jina la kufumwa kwa mkono zimetoka kwenye mashine za umeme. Sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni na jina.

Peshtemali ni mtande na mshindio tu, haina vile vitanzi vya nyuzi tunavyovijua katika taulo za dukani. Na taulo ya vitanzi nayo asili yake ni huko huko. Mwingereza Henry Christy aliiona Uturuki, kiwanda cha jamaa zake karibu na Manchester kikatafuta njia ya kuifuma kwa mashine, na ikaonyeshwa London katika Maonyesho Makuu ya mwaka 1851. Vitanzi hunywa maji mengi, lakini hukauka polepole. Katika mvuke wa hamamu nguo kama hiyo ingekuwa nzito mfano wa godoro lililonyeshewa. Kitambaa chembamba kinalowa upesi na kinakauka upesi. Kikiwa kipya hakinywi maji vizuri, kwa sababu nyuzi bado zina nta ya pamba na wanga uliotumika wakati wa kufuma. Baada ya kufuliwa mara kadhaa ndipo kinapolainika na kuifanya kazi yake.

Hata hivyo kazi yake kubwa si kukausha. Tazama namna kinavyobadilishwa. Mwoshaji, ambaye kwa wanaume huitwa telaki na kwa wanawake natiri, hukujia na kitambaa kikavu, akakizungusha juu ya kile kilicholowa, kisha cha ndani kikaachiwa kianguke chini. Macho yake yako pembeni. Hakuna dakika ambayo umebaki uchi, naye hakuna dakika ambayo amelazimika kuona asilotaka kuona. Yeye mwenyewe amefunga kitambaa kama hicho hicho. Akisha kukufunika hukusugua mikono, mgongo na miguu kwa glavu yake ya kukwaruza mpaka uchafu utoke kama vinyuzi, nawe husikii haya hata kidogo. Kiswahili tunalo neno la jambo hili: stara. Kwa desturi tunadhani stara ni ya yule anayefunikwa. Pale niliona kuwa ni ya wote wawili. Bila kile kitambaa mmoja angekuwa mwili tu na mwingine angekuwa mkono tu.

Waturuki wana hadithi ya Timur, yule mfalme mshindi, aliyekuwa hamamuni na Nasreddin Hoca, ambaye ni kama Abunuwasi wao. (Wengine husema hakuwa Hoca bali mshairi Ahmedi.) Timur akamwuliza: kama mimi ningekuwa mtumwa, ungeninunua kwa bei gani? Akajibiwa bei ndogo. Timur akakasirika: hiyo ni thamani ya peshtemali yangu peke yake! Akaambiwa: ndiyo, nilihesabu peshtemali tu.

Watu huisimulia ili kuonyesha kwamba hamamuni wote ni sawa. Mimi siikubali hivyo. Katika hadithi yenyewe peshtemali ya mfalme ina bei yake! Mabibi matajiri wa Istanbul walikuja na vitambaa vyao vilivyotariziwa nyuzi za fedha na mitalawanda ya mbao iliyopambwa kwa lulumizi. Na utawala wa Kiosmani uliwahi kuamuru wasio Waislamu wasipewe vitambaa vile vile walivyopewa Waislamu. Basi kuvua nguo hakukuwafanya watu kuwa sawa. Walichokipata pale, kila mmoja wao, ni kutokuachwa wazi.

Sisi nasi si wageni wa jambo hili. Zanzibar tunao mtaa wa Hamamni, uliopata jina kwa hamamu iliyojengwa zama za Sultani Barghash (1870–1888). Na mbali na hiyo, kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, bi harusi huogeshwa na kusingwa, na maiti huoshwa chini ya shuka bila kufunuliwa. Hakuna anayemdharau anayefanya hayo. Twasema mwosha huoshwa, na kauli hiyo ina heshima ndani yake. Kumbe maji hayatuudhi, wala mwili hautuudhi. Kinachotuudhi ni kwamba yule mzee wa Kizungu si jamaa yetu na kuna mshahara mwisho wa mwezi. Lakini telaki naye si jamaa yako, na unamlipa. Malipo ndiyo yaliyomwezesha kuwa fundi.

Mpwa wangu wa kike, anayefanya kazi hiyo, aliniambia jambo nikalitafakari sana. "Mjomba, kile kitaulo ndicho kazi yenyewe. Kusugua kila mtu anajua." Wamefundishwa kumfunika mzee sehemu moja huku wakiosha nyingine, na kumwambia kabla ya kumgusa. Nilimwambia hayo ni ya Istanbul kabisa. Akacheka, kisha akasema tatizo ni saa. Zile ziara za dakika 15 kwa wazee wanaoishi majumbani zimelalamikiwa kwa miaka mingi hapa Uingereza, na yeyote aliyewahi kumwosha mgonjwa anajua kwamba mtu mwenye haraka huacha kwanza kufunika. Hapo ndipo ninapoona udhalili: katika ratiba iliyoandikwa na mtu ambaye hatashika sponji. Unawashusha wote wawili kwa pamoja, na mara nyingi ni yule mwenye sponji anayebaki na aibu.

Nisije nikaipamba hamamu kupita kiasi. Telaki alifanya kazi siku nzima katika joto na mvuke, akitegemea bakshishi. Na wengi walikuwa watu wa mbali. Katika karne ya 18 waoshaji wengi wa Istanbul walikuwa Waalbania waliokuja kutafuta riziki. Mwaka 1730 Patrona Halil, Mualbania ambaye husemwa alikuwa telaki, aliongoza maasi yaliyomwondoa Sultani Ahmed III katika kiti. Maasi yalipozimwa, kukatoka amri katika miaka ile ya 1730 kwamba hamamu zisiajiri tena Waalbania. Watu waliokabidhiwa miili ya wakazi wa mji wakawa hawaaminiki kwa sababu ya walikotoka.

Hapa Uingereza viza ya watunza wazee ilifunguliwa mwezi Februari 2022, ikazuiwa kuleta mke, mume au watoto mwezi Machi 2024, na mwezi Julai 2025 ikafungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje ya nchi. Baadhi ya waliopita katika mlango huo wanasoma jarida hili. Ningependa kusikia kutoka kwao, na si lazima waandike majina, wanaitaje kazi yao wanapopiga simu nyumbani.