Nafasi, Wajibu au Dhima? Swala la Kumtaja Mwanamke katika Taaluma Zetu

Mwanafunzi wa uzamili anapoleta pendekezo la utafiti katika idara ya Kiswahili, na utafiti wenyewe ukawa unahusu wanawake, neno la kwanza la anwani aghalabu huwa moja kati ya matatu: nafasi, wajibu, au dhima. Wasimamizi huyapitisha kana kwamba ni visawe. Makala haya yananuia kuonyesha kuwa sivyo, na kwamba kuteua moja badala ya jingine ni swala la kimaadili kabla ya kuwa swala la mtindo.

Tuanze na wajibu. Wajibu ni jambo limpasalo mtu, asipolitenda hulaumiwa. Mtafiti anayeona kuwa huko Bungoma wanawake ndio wanaopalilia mahindi, kisha akauita upaliliaji huo "wajibu wa mwanamke", amechanganya lililopo na lipasalo. Alianza kwa kueleza, amemaliza kwa kuamrisha, na pengine hana habari. Dhima nayo ina uzito wa amana na deni, ingawa sisi wahakiki tumeipunguza hata ikawa kazi ya kitu ndani ya kitu kingine: dhima ya taswira, dhima ya mandhari. Mwanamke akitiwa katika orodha hiyo huwa chombo. Nafasi ndiyo yenye ukarimu zaidi, kwani ni mahali na pia ni fursa. Lakini nafasi hutolewa, na anayeitoa hatajwi.

Swala hili lilitukabili tulipomsimamia mwanafunzi aliyetaka kulinganisha jinsi taaluma mbalimbali zilivyomsoma mwanamke wa Bungoma na wa Kitale. Kitale ndiko mbegu chotara ya mahindi H611 ilikotolewa mwaka wa 1964, na maandishi ya kilimo humtaja "mkulima" tu. Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi, jambo ambalo twapenda kujivunia mbele ya Wafaransa. Hata hivyo, uwazi huo haujamfaa aliyeinama shambani. Msomaji huujaza kwa mazoea yake, na mazoea humwona mkulima kuwa yule mwenye hati ya shamba. Historia imefanya vyema zaidi: Ruth Nasimiyu alichunguza wanawake na kilimo cha Bungoma kati ya 1902 na 1960, na humo mwanamke ana mikono na pia ana maslahi.

Falsafa ndiyo iliyotushughulisha sana. Henry Odera Oruka alipochapisha utafiti wake juu ya wenye hekima wa Kenya mwaka wa 1990, alikuwa na hoja ya ukombozi: kwamba Mwafrika asiyesoma shule aweza kuwa mwanafalsafa, mradi haishii kukariri hekima ya jamii bali anaihoji. Miongoni mwa aliowaandika ni Okemba Simiyu Chaungo, Mbukusu. Karibu wote ni wanaume. Neno "mwenye hekima" halina jinsia, sawa na "mkulima", na limepatwa na yaleyale.

Ni rahisi kumlaumu Oruka, nasi hatutaki urahisi huo. Anayetafuta hekima hupelekwa na wenyeji pale maneno yanaposemwa hadharani. Kwa Wabukusu mahali pamoja pa namna hiyo ni kumuse, hotuba itolewayo baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima, na msemaji wake ni mwanamume. Atakayeanzia hapo atakutana na wanaume, hata akiwa na nia njema kiasi gani.

Wanafasihi hujibu upesi kuwa falsafa ya wanawake imo katika nyimbo zao. Jibu hili linavutia, lakini lina hatari. Mwimbaji aweza kuwa anatimiza tu desturi ya arusi au ya matanga. Kumpa cheo cha mhakiki wa jamii bila kumuuliza ni kumsemea, na kumsemea ndiyo taasubi ya kiume tuliyodai kuipinga. Tofauti hasa iko katika mbinu. Oruka aliketi na mzee, akamchokoza kwa maswali, akampinga, akasubiri jibu. Sisi tulikwenda kwa mama na kinasa sauti, tukachukua wimbo, tukarudi chuoni kuufasiri. Mzee aliulizwa, mama alirekodiwa. Mmoja akawa msemaji mwenzetu, mwingine akawa matini.

Hata riwaya zetu hazijaepukana na hali hii. Katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, marehemu mwandishi aliyezaliwa Bungoma, Zainabu Makame ni mwimbaji mashuhuri wa taarabu huko Tanga. Anafariki mapema, naye mwanawe anafunga safari ndefu ya kumtafuta baba, safari inayomfikisha Kitale. Sauti ya mama ndiyo inayosifiwa, njia ya riwaya inaelekea kwa baba. Hatusemi kuwa ni kasoro ya kisanaa; utafutaji wa baba una mantiki yake, na msomaji huufuata kwa hamu. Twasema tu kwamba mhakiki anayeandika juu ya "dhima ya Zainabu" amekwisha kuikubali njia hiyo kabla ya kuichunguza.

Mwanafunzi wetu alirudi kutoka nyanjani na nyimbo nyingi zilizonakiliwa kwa uangalifu. Tulipotazama maswali aliyowauliza waimbaji, yalikuwa mawili: huimbwa lini, na huimbwa na nani. Tukamrudisha. Safari ya pili alikuja na nyimbo chache na mabishano marefu, mengine yakimpinga yeye mwenyewe, na mama mmoja alikataa katakata fasiri aliyosomewa ya wimbo wake. Tulimshauri aiache fasiri yake na ukanusho huo katika sura moja, vikiwa vimepingana. Kuhusu anwani, alipendekeza kuyaondoa maneno yote matatu na kuandika "Wanawake wa Bungoma juu ya Urithi wa Ardhi". Mjumbe mmoja wa kamati aliuliza iwapo hiyo bado ni fasihi. Swali hilo halijajibiwa, na pendekezo lingali mezani.