Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Saumu Ina Magharibi



Ndugu zangu, mama zangu, na nyie vijana wa duarani na wa karashani mnaosoma hapa baada ya daku, leo naomba tuongee jambo ambalo hatulisemi msikitini. Tuongee kuhusu mtu anayekiogopa chakula.

Juzi baada ya tarawehe, dada mmoja na mumewe walinisubiri nje. Dada akaniuliza: "Ustadhi, nikifunga huku moyoni nataka nipungue, saumu yangu ipo?" Nikamwomba anieleze vizuri. Kumbe kwa miaka miwili alikuwa kwenye dayati. Akapungua, akarudi, akapungua tena, akarudi zaidi ya mwanzo. Sasa anasema ameiacha, lakini yenyewe haijamwacha. Wenzake wakikaa kwenye mkeka wa futari yeye anahesabu. Anakula tende moja, anakunywa maji, anainuka. Saa sita usiku anaingia jikoni peke yake, anakula viazi vya kiporo mpaka tumbo linauma, kisha anakaa chini analia. Akaniambia, "Ustadhi, mimi naomba toba kwa ajili ya viazi."

Ameniruhusu niandike bila jina lake. Sikumcheka, maana hiyo njia nimeipita.

Miaka michache iliyopita nilipimwa, nikaambiwa presha inaanza kupanda, nipunguze uzito na chumvi. Ushauri mzuri kabisa. Mimi nikaongeza ya kwangu. Ndiyo ilikuwa habari ya kukata wanga imeenea nchi nzima, kila simu ina kundi la watu wanaorushiana picha za mizani. Nikaacha ugali, wali, viazi, muhogo, uji, hata tende. Ndani ya miezi mitano nikapungua kilo 15. Watu wakasifia, na kama mjuavyo huku kwetu, wengine wakaanza kunong'ona nina ugonjwa gani.

Ramadhani ikanikuta humo. Kijana mmoja mchimbaji akanialika kufuturu kwao. Duara lake lilikuwa halijatoa kitu kwa wiki kadhaa, kila mtu anajua. Mama yake ametenga uji, viazi vitamu, ugali na dagaa wa ziwani. Mimi nikasema, tena kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani, "Hivi vitu siku hizi situmii." Nikachukua dagaa kidogo na maji. Yule mama hakusema neno. Alichukua kawa akafunika ugali wake.

Usiku wa manane siku hiyohiyo nilikuwa jikoni kwangu nakula ugali wa kiporo, umepoa, bila mboga. Binti yangu akaamka kunywa maji. Akauliza, "Baba, mbona unakula gizani?"

Sikuwa na jibu. Nilichokataa kwa watu mbele ya taa nilikuwa nakifakamia gizani. Dayati ile ilivunjika, na kilo zikarudi karibu zote. Kijana nilimwomba radhi kwa simu alipokwisha kuhamia machimbo mengine, akasema, "Yameisha, Ustadhi." Lakini mama yake, ambaye ndiye niliyemkosea zaidi, sijabahatika kumwona tena.

Sasa tuangalie dini yetu inasemaje.

Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha Salman na Abu Dardaa kuwa ndugu. Salman akaenda kumtembelea mwenzake. Abu Dardaa akamtengea chakula, akamwambia ale, yeye amefunga saumu ya sunna. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye, na Abu Dardaa akala. Usiku Abu Dardaa alipotaka kusimama kuswali mapema, Salman akamwambia alale kwanza. Kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na mkewe ana haki, basi kila mwenye haki ampe haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume akasema Salman amesema kweli. Kisa hiki kimo katika Bukhari.

Tazama jambo hili. Abu Dardaa hakuwa kwenye maasi, alikuwa kwenye ibada. Hata hivyo ibada ya hiari ilipoanza kula haki ya mwili na ya watu wa nyumbani, akarekebishwa. Ikiwa saumu ya sunna ilisogezwa pembeni mgeni ale na mwenyeji wake, basi dayati yangu ilikuwa nani hata imkatae yule mama?

Cha pili. Katika mapokezi ya Bi Aisha, Mtume mwenyewe aliwahi kuapa kwamba hatakunywa tena asali, na ndipo mwanzo wa Surat At-Tahrim ukateremka kumuuliza kwa nini anajiharamishia kitu ambacho Allah amemhalalishia. Asali tu! Na katika Surat Al-Maida waumini wote wanakatazwa kuviharamisha vile vizuri walivyohalalishiwa. Hapohapo katika Al-A'araf tunaambiwa tule, tunywe, na tusipite kiasi. Kwa hiyo mipaka iko miwili: kufuja ni kosa, na kuiita halali haramu nalo ni kosa. Sisi wahubiri tunaupigia kelele ule wa kwanza kila mwaka, huu wa pili tunausahau.

Wapo wataalamu waliochunguza jambo hili. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe. Kwa miezi sita hivi walilishwa kama nusu ya chakula chao cha kawaida. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Lakini kilichowashangaza watu ni akili zao. Waliwaza chakula mchana na usiku, wakasoma vitabu vya mapishi, wakalamba sahani, wakawa na hasira na huzuni. Na waliporuhusiwa kula tena, wengi walikula kupita kiasi na bado wakahisi njaa kwa muda mrefu. Walikuwa watu wenye msimamo, na imani zao hazikuwa na kasoro. Mwili ulionyimwa ulikuwa unadai haki yake. Dada yangu wa viazi, nadhani umejiona hapo. Nami nimejiona.

Utasema, basi Ustadhi, na saumu si kujinyima vilevile? Ndiyo, ni kujinyima. Lakini saumu ina magharibi. Jua likizama, kuendelea kujizuia hakukuongezei daraja. Mtume alihimiza tuharakishe kufuturu, akasema kuna baraka katika daku, na akawakataza maswahaba kuunganisha siku kwa siku bila kula. Chakula ulichokiacha mchana unarudishiwa jioni kama zawadi, na unatakiwa ukipokee kwa bismillahi na furaha. Dayati niliyoifanya mimi haikuwa na adhana. Jua lilizama na mimi bado nimefunga, nimemfungia nani sijui.

Hapa Nyarugusu tunaijua mizani. Mnunuzi anapima dhahabu mpaka sehemu ndogo ya gramu, na mtu analia au anacheka kwa alichokiona pale. Ni halali kuipima dhahabu. Lakini mimi nilikuwa napanda mizani alfajiri, namba ikipanda nusu kilo, siku nzima najiona mtu mbaya. Ile Mizani ya Siku ya Kiyama itapima amali. Sijasoma mahali popote kwamba itauliza kilo zako.

Nisieleweke vibaya. Mwenye sukari, mwenye presha, mwenye vidonda vya tumbo, afuate alichoambiwa na daktari. Huko ni kuilinda amana. Kushiba mpaka kushindwa tarawehe nako si sifa, Mtume ametufundisha kuliachia tumbo nafasi ya maji na ya pumzi. Na kama kuna mtu anasoma hapa, anajitapisha baada ya kula au hali kabisa mpaka anaishiwa nguvu, huo ni ugonjwa, na mgonjwa Qur'ani imempa ruhusa. Nenda kituo cha afya, mwambie daktari ukweli, kisha njoo tuzungumze kuhusu saumu yako. Usijifiche nyuma ya Ramadhani.

Sasa swali la dada. Nilimjibu hivi: saumu yako iko kwenye nia. Ukifunga kwa ajili ya Allah, na mwili ukapata nafuu, hiyo ni ziada, ipokee. Lakini ukiona lengo limebaki kilo tu, irudishe nia yako, maana utapata njaa na kiu bila kingine. Na toba ya viazi, achana nayo. Toba ni ya dhambi. Viazi vinaombewa shukrani.

Mumewe naye nilimpa kazi yake: asimsifie kwa kupungua wala asimtanie kwa kunenepa. Akae naye kwenye mkeka mpaka amalize kula.

*Zoezi la leo*

Magharibi ya leo futuru ukiwa umekaa, kwenye taa, pamoja na watu. Chukua kile ambacho umekuwa ukikiogopa, kiasi ambacho mwili unakihitaji. Sema bismillahi. Kula taratibu. Ukitosheka, sema alhamdulillahi, inuka ukaswali, na usirudi kujihesabia. Ukialikwa kwa mtu, kula alichokipika. Mtume hakuwahi kukitia chakula kasoro. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha kimya.

Jana binti yangu alisonga ugali wa futari. Nilikula naye mpaka mwisho, taa ikiwaka.

Allah atupe miili yenye afya na nyoyo zisizoogopa neema Zake. Amiin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie mwenzako ambaye leo usiku atakuwa jikoni peke yake.